Fundi Werema Alivyolichoma Jiwe la Altare

Anayetaka kuona kazi ambayo Werema aliifanya kwa miaka ishirini ya kwanza ya ufundi wake, itabidi abomoe majengo. Hayo ni maneno yake mwenyewe, na huyasema akicheka. Kokoto alizopasua zimo ndani ya msingi wa shule ya msingi kule kwao Kuria, zimo ndani ya nguzo za zahanati, zimo chini ya lami karibu na Isebania, na hakuna hata moja inayoonekana. Watu husifu rangi ya ukuta, husifu mabati, husifu hata kufuli la mlango. Kokoto hazisifiwi na mtu. Werema alikuwa na miaka arobaini na mitatu, mikono yake imekuwa migumu kama kwato, na hakukuwa na kitu kimoja duniani ambacho angeweza kukinyooshea kidole mbele ya wanawe na kusema kile ni changu.

Ufundi wenyewe aliurithi kwa babake. Vilima vya kwao ni jiwe tupu la kijivu, gumu, ambalo nyundo pekee hailiwezi. Hupangwa kuni juu ya mwamba, huwashwa moto asubuhi, na jioni mwamba ukiwa umewaka hasa humwagiwa maji baridi. Hapo jiwe hutoa mlio na kupasuka vipande, kisha nyundo humalizia. Werema aliujua moto huo kuliko alivyozijua sala zake. Kwa upande wa sala alikuwa Mkatoliki wa Krismasi na wa Jumapili ya Pasaka, na hata siku hizo alikaa karibu na mlango.

Mwezi wa pili mwaka wa tisini na saba alipata ujumbe kutoka kwa Father Ombui. Padri huyo alipokuwa Kuria alinunua kokoto kwa Werema mara nyingi. Sasa alikuwa amehamishiwa ng'ambo ya Kendu Bay, nyuma ya milima ya Homa, ambako kanisa jipya lilikuwa linakaribia kumalizika. Mjane mmoja wa pale, Truphena, alikuwa na mwamba mweupe katika shamba lake, marumaru kabisa, na alikuwa amelitolea kanisa ili lipate altare. Father alitaka bamba moja zima, urefu wa mita mbili. Je, Werema aliijua kazi ya marumaru?

Werema alijibu kwamba anaijua sana. Ukweli ni kwamba marumaru alikuwa ameiona mara moja, kwenye kaunta ya benki mjini Kisii, na aliipapasa mpaka askari wa mlangoni akaja kumuuliza kama ana akaunti. Lakini tangu siku ile kilimkaa rohoni kitu kile: jiwe linalokaa juu, linaloguswa, ambalo mtu anasimama mbele yake akiwa amevaa vizuri. Alimwambia mkewe, Bathsheba, kwamba safari hii watu wataiona kazi yake. Bathsheba, ambaye ana tabia ya kuuliza jambo moja tu na likawa ndilo lenyewe, aliuliza kama marumaru hupasuliwa kama jiwe la kwao. Werema alimwambia jiwe ni jiwe, akafunga nyundo zake kwenye gunia.

Mwamba wa Truphena ulikuwa mkubwa kama nyumba ya vyumba viwili, umejitokeza kwenye mteremko, mweupe wenye mishipa ya kijivu. Werema aliupapasa kila mahali mkono ulipofika. Truphena, mama wa miaka sitini na kitu, mwembamba, mwenye macho yasiyokosa kitu, alimwonyesha mipaka ya shamba na kumwambia kwamba marehemu mumewe alikataa kuuuza mwamba ule kwa watu wawili tofauti, kwa kuwa alitaka utumike kwa jambo la maana. Sasa jambo la maana limefika, alisema, naye anataka tu kuliona kabla hajafa.

Mtu mwenye akili angetumia siku mbili tatu kulitazama jiwe. Werema alitumia siku hizo kukusanya kuni. Na kwa sababu hili lilikuwa jiwe la heshima, aliliwekea moto wa heshima. Kwao rundo moja lilitosha. Hapa alipanga matatu, upande wote wa mbele, akajenga ukuta wa mawe na udongo kuzunguka ili joto lisipotee. Aliwasha asubuhi. Jioni mwamba haukuwa umelia, naye akaongeza kuni. Siku ya pili haukulia pia. Akaongeza tena, akijisifu kimoyomoyo kwamba jiwe bora lazima liwe na kiburi.

Adhuhuri ya siku hiyo ya pili Truphena alipita na ndoo yake ya maji, akasimama, akautazama moto kwa muda mrefu.

"Wuoda," alisema, kwa maana mwanangu, "hii moto ni ya kuchoma chokaa?"

Werema alifuta jasho. Sehemu hii ya hadithi huisimulia akiwa amefunika uso kwa mkono mmoja.

"Mama," alimjibu, "hii ni kazi ya kitaalamu. Wewe pumzika tu, tutakuita."

Truphena hakubishana. Alibeba ndoo yake akaenda nyumbani. Baadaye Werema alikuja kujua kwamba wale watu wawili waliotaka kuununua mwamba walikuwa wachoma chokaa, na kwamba mama yule, tangu alipoolewa pale, alikuwa ameona jiwe la aina ile likigeuzwa unga mara nyingi kuliko yeye alivyokuwa ameona Krismasi.

Siku ya tatu asubuhi Werema alimwaga maji. Alikuwa amejiweka mbali kidogo, magoti yamekunjwa, akisubiri ule mlio wa kwao. Mlio haukuja. Ulikuja mtokoto, kama wa uji unaochemka, kisha mvuke mwingi mweupe, kisha uso wa mwamba ukaanza kuvimba na kupasuka na kumomonyoka. Alimwaga tena, akidhani maji hayakutosha. Jiwe likazidi kuchemka lenyewe bila moto. Mvuke ulipoisha, sehemu nzuri kuliko zote, ile iliyokuwa na mishipa ya kijivu, ilikuwa rundo la unga na makombo. Alichota unga kidogo kwa mkono wenye jasho, ukamuunguza. Ilikuwa chokaa. Safi, nyeupe, ya daraja la kwanza. Fundi mtaalamu alikuwa amechukua mwamba ambao mtu aliulinda maisha yake yote dhidi ya wachoma chokaa, akauchoma chokaa.

Alifikiria kukimbia, na hilo hakulificha kamwe. Alihesabu umbali wa kufika barabarani na uzito wa gunia la nyundo. Kilichomzuia hakikuwa ujasiri. Ni kwamba njia ya kwenda barabarani ilipita uani kwa Truphena. Basi alienda kwake, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kwenda. Akasimama mlangoni, mweupe kutoka kichwani mpaka miguuni, hata kope. Alimwambia yote. Alimwambia kwamba aliulizwa swali naye akajibu kwa kiburi, na kwamba hajawahi kugusa marumaru ila ya benki.

Truphena alitoka mlangoni, akatazama upande wa mwamba. Kisha akauliza kama mwamba umekwisha wote. Werema alisema hajui. Huko nyuma ulikoingia kilimani haukuguswa na moto, lakini yeye si mtu wa kuaminiwa tena kuhusu jiwe.

"Sasa umesema kweli," alisema Truphena. "Tafuta mtu anajua. Halafu wewe mwenyewe ufanye. Usiwaachie wengine."

Mtu anayejua alipatikana Homa Bay mjini. Aliitwa Mayaka, Mkisii wa kutoka Tabaka, ambako watoto huchonga mawe laini kabla hawajaanza shule. Yeye alikuwa akichonga majina kwenye mawe ya makaburi. Alikuja, akautazama mwamba, akautazama unga, akamtazama Werema. Akaketi chini akacheka mpaka machozi yakamtoka. Werema alimwacha acheke. Alisema baadaye kwamba kicheko kile kilikuwa ada ya shule, na kilikuwa nafuu.

Alipomaliza, Mayaka alichukua nyundo ndogo akaanza kuugonga mwamba wa nyuma, sikio karibu. Penye ufa jiwe lilijibu kwa sauti nzito iliyokufa. Penye uzima lililia kama kengele. Alichora kwa mkaa mstari kuzunguka sehemu iliyolia, akampa Werema patasi ndefu. Kazi ilikuwa kutoboa mashimo kufuata mstari ule, kila shimo umbali wa shibiri moja na lenzake. Unagonga patasi mara moja, unaigeuza kidogo, unagonga tena. Unatia maji, unapuliza vumbi kwa mwanzi. Nguvu hazitakiwi. Werema, ambaye miaka yote aliishi kwa nguvu, aligonga kwa kishindo siku ya kwanza, na Mayaka akamnyang'anya nyundo kubwa na kumpa ya uzito wa nusu.

Mashimo yalichukua wiki tano. Kisha ndani ya kila shimo waligongelea kabari ya mti mkavu sana. Jioni wakazimwagia kabari zote maji na kuzifunika kwa magunia yaliyolowa. Mayaka alisema sasa twende tukale. Werema hakuelewa, aliuliza nani atapasua. Mayaka akamwambia mti utapasua. Asubuhi walikuta ufa umepita kutoka shimo hadi shimo, umenyooka, jiwe limejitenga na mama yake bila hata chembe kumeguka. Mti ulikunywa maji ukavimba, basi. Werema alisimama pale akikumbuka marundo yake matatu ya kuni, na akajiona mjinga kwa namna ambayo, anasema, ilimpumzisha.

Wanaume wa kwaya waliliteremsha jiwe kwa kamba na magogo ya kuviringishia mpaka kwenye kibanda nyuma ya kanisa. Hapo likaanza kukatwa. Msumeno wa marumaru hauna meno. Ni ukanda mrefu wa chuma uliofungwa kwenye fremu ya mbao, watu wawili wanauvuta huku na huku, na chini yake unatiwa mchanga na maji bila kukoma. Anayekata ni mchanga. Kwa siku nzima ulishuka upana wa kidole gumba. Werema alivuta upande mmoja, Mayaka upande wa pili, miezi mitatu na nusu, wakitaniana kuhusu kabila la nani lina vichwa vigumu zaidi. Walipokuwa wakimaliza uso wa pili, mvua za El Niño zikaanza, barabara zikakatika, na Mayaka akakwama kwao Kisii alikokwenda kumzika shangazi yake.

Kwa hiyo kulisugua jiwe kulibaki kwa Werema peke yake. Alianza kwa kipande cha jiwe la kunolea, kwa maji, akizungusha, mpaka alama za msumeno zikaisha. Kisha mchanga wa ziwani uliochekechwa. Kisha mchanga huohuo uliochekechwa tena kwa kipande cha chandarua. Kisha msasa wa maji, kuanzia mkali hadi mlaini, kwa wiki na wiki, huku mvua ikipiga mabati na yeye amepiga magoti. Bathsheba alikuja kumtembelea Novemba, baada ya kukaa njiani siku mbili, akamkuta katika hali hiyo, akasema hajawahi kumwona amepiga magoti muda mrefu hivyo kanisani. Mwisho kabisa aliyeyusha mabaki ya mishumaa ya sakristia, akapaka nta ile kwa kitambaa cha sufu na kusugua mpaka mkono ukafa ganzi. Jioni moja ya Januari alijiona ndani ya jiwe. Uso wake ulikuwa pale, kati ya mishipa miwili ya kijivu, umechoka na una ndevu. Alilia. Alikuwa peke yake, lakini huwa anasema wazi kwamba alilia, na anayetaka kucheka na acheke.

Siku ya kubariki kanisa ilikuwa Februari, askofu mwenyewe alikuja. Werema alikuwa ameazima koti. Aliketi safu ya tatu, Bathsheba kulia kwake, Truphena kushoto amevaa gauni la sherehe, na alikuwa amekwisha kumwambia Bathsheba mara tatu mahali pa kutazama. Wakati wa kuipaka altare mafuta ulipofika, mapadri kumi na mmoja walisogea na kuizunguka, na safu ya tatu ikaona migongo. Werema alijinyoosha. Akaona mgongo mwingine. Alingoja. Mapadri walipoachana, akina mama wa kanisa walikuwa tayari wamepanda na kitambaa cheupe kilichodariziwa zabibu na ngano, na wakakitandaza juu ya jiwe, nacho kikashuka pande zote mpaka karibu na sakafu.

Werema alidhani ni cha kukaushia mafuta. Aliketi vizuri, akasubiri wakitoe. Wakaweka mishumaa juu yake. Wakaweka kitabu. Misa ikaendelea, sadaka ikapita, komunyo ikapita, na yeye bado anasubiri wakitoe. Ndipo alipomuuliza Bathsheba kwa sauti ya chini kile kitambaa kitaondolewa saa ngapi.

"Altare zote hufunikwa," alinong'ona Bathsheba. "Hukuona hata ya kwetu?"

Alikuwa ameiona ya kwao. Ilikuwa meza ya mbao zilizopinda, na maisha yake yote alidhani kitambaa kilikuwa cha kuficha ubovu wa seremala.

Kilichomkata maini zaidi kilikuwa kuta. Kuta za kanisa zilikuwa nyeupe pepepe, ndani na nje, na wageni wote, hadi askofu katika mahubiri yake, walizisifu. Zilipakwa chokaa ya Werema, gunia kwa gunia, ile ya marundo matatu ya kuni, kwa kuwa Father Ombui hakuwa mtu wa kutupa kitu. Kosa lake lilikuwa linametameta mpaka ukiwa barabarani unaliona. Kazi yake ilikuwa imefunikwa shuka. Alirudi Kuria siku iliyofuata bila kuaga wengi, na kwa wiki kadhaa alipasua kokoto bila kuzungumza. Ilimuuma kwelikweli, wala hakupata namna ya kuligeuza kuwa mzaha.

Machi ilipoisha Truphena alimtumia ujumbe: aje Alhamisi Kuu, asikose. Werema hakujua Alhamisi Kuu ina nini. Kule kwao padri hakuwahi kufika Alhamisi. Alienda kwa sababu aliyeita ni yule mama, na kwake hakuwa na uso wa kukataa. Misa ya jioni ilikuwa ndefu. Ilipokwisha watu hawakutoka. Father Ombui na wanaume wawili walipanda, wakashusha mishumaa, wakaondoa msalaba, wakabeba kitabu. Kisha wakashika kitambaa pembe nne, wakakikunja taratibu, wakaenda nacho.

Jiwe likabaki tupu. Hapakuwa na kitu kingine mbele ya kanisa zima, na taa mbili za karabai ziliingia ndani yake na kutulia. Watu walikuwa wakilitazama, wote, hadi wa mlangoni, kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kutazama.

"Linakaa hivyo mpaka Jumamosi usiku," Truphena alimwambia sikioni. "Kila mwaka."

Akainuka na fimbo yake, akaenda mbele, akaweka kiganja juu ya jiwe la mumewe na kukiacha pale. Werema alitaka kumfuata lakini hakuthubutu. Alibaki kitini, na furaha aliyoisikia ilimtisha, kwa sababu alijua haikuwa furaha inayofaa usiku ule wa kukumbuka mateso ya Bwana.

Mwaka huu wa tisini na tisa amekwenda tena, kutoka Kuria hadi ziwani, na mkewe na wanawe wanne wamevalishwa viatu. Ameketi safu ya kwanza, na Ijumaa Kuu amerudi mchana kutwa. Father Ombui amemtaja kwenye mahubiri, kwamba hapa tuna mtu aliyekuwa akija kanisani mara mbili kwa mwaka, lakini tazameni sasa anavyokesha na Bwana wetu katika mateso yake. Watu waligeuka kumwangalia. Werema aliinamisha kichwa, na hajapata bado ujasiri wa kumwambia padri alichokuja kutazama.